Jogoo wa Manundu na Saa ya Brazili

Manundu, Korogwe
14 Februari 1999

Mwanangu Asnath,

Pokea salamu za shangazi yako. Mimi sijambo, na nyumba nzima haijambo, ingawa nyumba nzima ni mimi na paka. Baba yako alishuka kutoka Mazinde juma lililopita, kifua kimepoa, anasema umemsahau. Jirani yangu Kudra, yule wa vitumbua, anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe, mimi nimechoka kutumwa.

Sasa jambo lenyewe. Wakati wa Krismasi ulisema kompyuta ya ofisini kwenu ina saa ambayo mtu anaipangia ipige kelele muda anaotaka. Naiomba hiyo. Saa yangu ya ukutani imekufa, na mimi nikishaanza kuchapa sisikii wala sinusi. Nimeunguza maharage mara mbili. Mbaya zaidi, mteja niliyemwahidi barua yake saa nane alikuja nikamwambia bado mapema. Kumbe ilikuwa saa tisa na nusu, na basi lake la Tanga limeshaondoka. Alinitazama vibaya huyo!

Unajua hali yangu. Shamba la mkonge lilipopata mwenyewe mpya wakatupunguza makarani wote, mimi kiinua mgongo changu nikakigeuza kompyuta. Hili ndilo jembe langu. Na siku hizi za biashara huria kila kona ya Manundu imefunguliwa duka la kuchapa, na wasichana wenye kucha ndefu. Nikionekana mzembe, ndiyo basi tena.

Vidole vyangu havina shida. Nachapa bila kuangalia, kama zamani. Ni hayo mambo ya mausi tu ndiyo yananichosha.

Shangazi yako,
Yuditha


Handeni
3 Machi 1999

Shangazi Yuditha,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na habari za paka? Mimi mzima. Handeni kumekauka. Nafanya kazi kwenye mradi wa maji na maji ya kunywa nanunua kwa mwenye mkokoteni, ukitaka kucheka cheka. Baba nitamwandikia. Kudra mwambie mchumba hajapatikana, akiona mmoja anayepita anishikie.

Disketi yenye saa anakuletea Mzee Nkoitiko, yule mfanyabiashara wa ng'ombe. Anakuja mnadani Korogwe. Nimemwonya asiiweke pamoja na redio yake, maana sumaku ya spika inaiharibu. Ukishaitia kwenye kompyuta, bonyeza mara mbili picha ya saa. Itakuuliza maswali mengi kama askari wa kizuizi cha barabarani, wewe kubali yote. Saa itatokea juu upande wa kulia. Ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi utaona orodha: ukubwa wa tarakimu, rangi, sauti, kengele. Kwenye kengele andika muda unaoutaka, basi. Sauti nimekuchagulia jogoo. Nyingine zote zinalia kama simu na utakuwa unakimbilia simu ya watu.

Lakini shangazi, saa ya ukutani si ndiyo ile mliyopewa shambani siku ya kuagwa? Mbona imekufa mapema hivyo?

Mwanao,
Asnath


Manundu, Korogwe
25 Machi 1999

Mwanangu Asnath,

Salamu nyingi. Mvua zimeanza, njia ya kuja dukani ni tope tupu. Mama mchungaji amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Ruthi. Disketi nimeipata, Mzee Nkoitiko aliifunga ndani ya kitambaa kama dawa.

Sasa hiyo saa yako! Nimeipangia saa nane, muda wa kuipua maharage. Kesho yake saa mbili asubuhi, duka limejaa, mzee wa kanisa amekaa ananisomea barua yake ya maombi, jogoo akawika. Kudra akaingia mbio, akainama chini ya meza anatafuta kuku. Anasema "shuu! shuu!" na mzee wa kanisa amenyanyua miguu. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Lakini saa nane yenyewe ilipofika, kimya! Maharage yameungua mara ya tatu. Kompyuta gani hii isiyojua saa nane?

Halafu tarakimu zake ndogo kama sisimizi. Waliotengeneza nadhani wana macho ya mwewe. Nimejaribu kuzikuza nikashindwa, orodha imejaa Kizungu. Wewe zipange hukohuko uniletee zikiwa tayari.

Saa ya ukutani achana nayo. Vitu vya siku hizi vinavyoingia kutoka nje havidumu.

Yuditha


Handeni
12 Aprili 1999

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mama mchungaji. Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti, bosi wangu akatoka kuuliza kuna msiba au harusi.

Kosa nimeliona, na ni langu. Kompyuta inahesabu Kizungu. Saa nane yetu ya mchana kwake ni kumi na nne. Ulipoiandikia nane, ikadhani unataka saa mbili asubuhi. Sikutaka uanze kujumlisha sita kila ukitaka kupika, kwa hiyo nimepekua programu nzima. Nikakuta inakubali kuonyesha saa ya mji wa mbali, na kengele zikafuata saa ya huko. Nikatafuta mji ulio nyuma yetu kwa saa sita kamili. Upo! Brasilia, kule Brazili. Korogwe ikiwa saa nane mchana, wao kule saa zao zinaandika nane, ndiyo kwanza asubuhi. Basi nimefuta jina la Brasilia nikaandika Manundu. Kuanzia sasa ukitaka saa nane, andika nane.

Tarakimu nimezikuza mara tatu. Nakili faili hili juu ya lile la zamani, usiguse kingine. Pia jogoo akiwika kitatokea kisanduku chenye maneno yangu machache. Maneno ya kisanduku programu haikubali kuyakuza, samahani. Yasome tu, halafu piga Enter atanyamaza.

Asnath


Manundu, Korogwe
9 Mei 1999

Mwanangu,

Hatujambo sana. Baba yako amevuna mahindi kidogo, paka amezaa nyuma ya printa.

Sasa saa ina akili! Jogoo amewika saa nane barabara, maharage yamepona, na Kudra hainami tena chini ya meza. Watu wanakuja kuuliza jogoo yuko wapi, na wakishakuja wanachapisha hata wasichokihitaji. Sikuwahi kuota kwamba nitaishi Manundu kwa saa ya Brazili.

Asante pia kwa ule mstari wa Biblia uliouweka kwenye kisanduku. Umenitia nguvu sana. Kila siku nausoma kabla sijala.

Ila nakuomba tena. Zikuze tarakimu zijae kioo chote, ili wateja nao wazione kutoka barazani. Na rangi, nyuma pawe peusi, tarakimu njano iliyokolea. Halafu jogoo asiwike saa nane peke yake, awike kila saa, tangu nifungue mpaka nifunge. Ndivyo wateja wanavyopenda.

Mzee Nkoitiko alipita kuchapisha barua yake ya kibali. Mtu mpole.

Yuditha


Handeni
23 Mei 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo salamu nazikata, utanisamehe.

Mzee Nkoitiko alirudi akapitia ofisini kwangu. Anasema alipoingia dukani kwako ulimkaribisha vizuri sana, ukamwambia, "Karibu mama, kaa hapo, kanga yako nzuri." Shangazi, yule mzee umemchapia barua mara ngapi? Ana ndevu. Hakukasirika. Alikaa, akakutazama, akatazama na saa yako ya ukutani. Inatembea sawasawa na ya mkononi mwake.

Anasema macho yako yana ukungu mweupe katikati, kama aliokuwa nao mama yake, Bibi Simaloi.

Na mimi nina langu. Tangu useme tarakimu ni sisimizi nilikuwa na wasiwasi. Nilijua nikikuuliza utanipiga chenga, kwa hiyo nikakutega. Kwenye kile kisanduku hakuna mstari wa Biblia. Nilikuandikia jambo dogo nikakuomba unijibu katika barua ijayo. Hukunijibu. Ukanishukuru kwa Neno la Mungu ambalo sikuliandika!

Niliposoma hapo nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Sikukasirikia uongo. Nililia kwa kuwa umekaa humo dukani unachapa gizani, na mimi huku nakukuzia saa.

Ni jambo gani nililoandika, sikwambii. Utalisoma mwenyewe. Niambie ukweli shangazi, unaona nini?

Asnath


Handeni
20 Juni 1999

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kama umeninunia, ninunie kwa maandishi. Jogoo wa kila saa nimekuwekea kwenye disketi hii, na tarakimu njano zinajaa kioo. Sikukunyima.

Asnath


Manundu, Korogwe
4 Julai 1999

Asnath,

Nimekununia kweli.

Unajua barua yako ilisomwaje? Barua zako zote ananisomea Kudra. Nilimwambia miwani yangu imevunjika, na hata miwani sijawahi kuwa nayo. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye ndevu za Mzee Nkoitiko, akaiweka barua chini. Nikamwambia endelea. Akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza akaenda kuzima jiko lake, akarudi akakaa na mimi mpaka magharibi. Siku hiyo vitumbua havikuuzwa. Baadaye alitaka anisomee na hicho kisanduku chako. Nimemkataza. Mtego ulionitegea nitautegua mwenyewe.

Unataka ukweli, haya. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia naona kama mtu anayechungulia ndani ya maziwa. Saa ya ukutani nilikusingizia, ni nzima kabisa, ni mimi nisiyeiona. Wateja nawajua kwa sauti, na Mzee Nkoitiko siku hiyo aliingia kimya, mimi nikaona nguo nyekundu tu. Kazi naichapa kwa vidole na kumwomba Mungu. Nikimaliza namwambia mwenyewe asome ahakikishe, naye anadhani ni utaratibu wa duka.

Kwa nini sikusema? Bibi yako, mama yangu mimi, alipofushwa na ugonjwa huuhuu wa macho. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki ile kamba tuliyomfungia kutoka mlangoni hadi chooni. Mimi ndiye niliyeifunga. Ninaijua njia hii inapoishia. Wakijua watu wa Manundu, wataenda kwa wale wenye kucha, na mimi nitafungiwa virago niletwe kwako Handeni, nikae kitandani kusubiri kuogeshwa na mtoto niliyemwogesha. Sitaki! Bora unikuzie saa.

Na usiniambie habari za kisu. Jicho si jipu.

Yuditha


Handeni
12 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa kuninunia kwa maandishi.

Sikuleti Handeni. Huku maji hakuna, nitakuogeshea nini?

Nisikilize tu mara hii moja. Bibi Simaloi alikuwa hatofautishi ndama na mbuzi. Mwaka jana alipasuliwa, ulikuwa mtoto wa jicho. Nilimwendea Jumapili bomani kwao. Alinitambua nikiwa mbali, akaniambia nimekonda. Halafu akanionyesha ng'ombe zake mmoja mmoja kwa rangi, nikachoka mimi yeye hakuchoka. Anasema hakusikia maumivu, alisikia daktari akiimba.

Madaktari wa macho wanafika hospitali ya misheni huko milimani mwanzoni mwa Agosti. Kudra amekubali kufunga jiko lake, mtapanda basi asubuhi na kubadili gari Mombo. Ndiyo, nimemwandikia Kudra bila ruhusa yako. Kila mtu ana uongo wake katika ukoo huu.

Nenda wakakutazame tu. Wakisema haiwezekani, nitaikuza saa mpaka itoke nje ya kioo, na sitakusumbua tena. Naogopa shangazi. Sijawahi kukuomba kitu mimi, nimezoea kupewa.

Asnath


Manundu, Korogwe
8 Agosti 1999

Kwa mdogo wangu Asnath,

Asalaam aleikum. Mimi ni Kudra, naandika kwa mwandiko wangu mbaya kwa sababu mwenye kuandika amefungwa jicho.

Kwanza tulia. Tumerudi salama. Jicho la kulia limepasuliwa Jumanne, la pili mpaka mwakani. Njia nzima kutoka hapa hadi Mombo alikuwa anasema anarudi nyumbani, na pale Mombo aliteremka kweli akatafuta basi la kurudi. Mungu ni mwema, kwa kuwa haoni akapanda lile la kwenda Lushoto. Mimi nilimfuata kimya nikakaa pembeni yake. Alipogundua kosa lake tulikuwa tumeshapanda mlima. Alinitukana kona zote zile, halafu akanishika mkono, hakuuachia mpaka mlango wa daktari.

Dawa ya matone ni kila baada ya saa tatu mchana kutwa. Nesi alisema mkichelewesha mnaharibu kazi. Mimi na vitumbua vyangu nitakumbukaje? Shangazi yako akasema, washa kompyuta. Tukakaa wawili, mimi ninaona na sijui, yeye anajua na haoni. Nashika mausi, nasoma herufi moja moja, yeye ananiongoza, "Hapana, hiyo ni rangi, rudi juu, umefungua nini tena?" Tulihangaika mpaka jasho likatoka. Lakini tulipozifuta zile za kila saa, tarakimu za kengele mpya alizichapa yeye, jicho limefungwa, hakukosea hata moja. Sasa jogoo akiwika tu ninaacha kikaango nakimbia na kichupa.

Yale maneno yako kwenye kisanduku nimeyaona, nimecheka peke yangu. Kanikataza kuyatamka na sikuyatamka. Ila fanya upesi uje, siri inanikaba koo.

Kudra


Manundu, Korogwe
5 Septemba 1999

Mwanangu Asnath,

Barua hii naichapa na ninaiona.

Nimerudia kuisoma sentensi hiyo, kisha nimeinuka nikazunguka duka. Duka langu chafu! Kudra alikuwa ananiambia pasafi, kumbe na yeye ananifichia. Paka ana kitoto cheupe ambacho sikujua ni cheupe. Saa ya ukutani ina utando wa buibui, lakini inasema saa kumi kasoro, na mimi naisoma nikiwa nimekaa hapahapa.

Juzi tulipanda tena hospitali wakanipimia miwani. Ni mizito na imenifanya nifanane na bundi, mtoto Ruthi akiniona analia, lakini sikuivua njia nzima. Pale Mombo basi liliposimama, wauza mapeasi walikuja madirishani, nikawatazama nyuso mmoja mmoja mpaka wakadhani nanunua yote. Nikanunua. Niliona na milima ina mistari ya njia za miguu hadi juu. Nilisahau kwamba watu wanaishi kule.

Neno moja linaniuma, nitakwambia mara moja tu. Nilimweleza daktari habari za mama yangu. Akauliza macho yake yalikuwaje, nikamwambia meupe katikati. Akasema pengine naye angepasuliwa angeona. Nililia hapo kwenye kiti chake, na nesi akanikataza kulia kwa ajili ya jicho. Ile kamba niliifunga kwa upendo, Asnath, sikujua. Hakuna aliyejua.

Lakini roho yangu imetulia, sijatulia hivi tangu tupunguzwe kazi. Nimemwita kila mteja nikamwambia kwamba nilikuwa sioni na sasa ninaona. Unajua wamesemaje? Wengi walijua! Walikuwa wanaleta kazi kwangu hivyohivyo, wanazisoma wenyewe, na kwa wale wenye kucha hawakwenda. Mzee Nkoitiko alikuja jana, nikamsalimia kwa jina akiwa bado mlangoni. Akajibu, "Naam mama," halafu tukacheka mpaka watu wakasimama barabarani.

Saa yako sasa ipunguze. Imejaa kioo kama ungo, sioni pa kuchapa. Mtu akiingia dukani anapigwa na hiyo njano usoni. Irudishe kwenye usisimizi wake pembeni, na jogoo abaki wa saa nane peke yake, Kudra amekonda kwa kukimbia. Ila Brazili iache, nimeizoea.

Leo saa nane jogoo aliwika. Sikupiga Enter. Nilivuta kiti, nikaweka miwani sawa, nikasoma kisanduku chako, polepole, kwa mdomo. "Shangazi, ni saa ya kula. Ukiyasoma haya, kwenye barua yako ijayo niulize hali ya mbuzi wangu mweupe." Kudra alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akapiga kigelegele, maana siri ilikuwa imemkaba mwezi mzima. Na mimi nikajiona mjinga mzee, namshukuru mtoto kwa mstari wa Biblia na yeye ananiandikia mbuzi. Tena huna mbuzi, wala hujawahi kuwa naye! Maharage yameungua tena leo. Yaache yaungue.

Baba yako anakusalimu. Kudra anakusalimu, na mchumba bado anamtafuta. Mama mchungaji na Ruthi wake hawajambo, paka na wanawe hawajambo.

Na wewe je, mwanangu, mbuzi wako mweupe hajambo?

Shangazi yako anayekuona,
Yuditha